Waya Niliouacha Chini ya Usukani



Leo nitaandika kirefu kuliko kawaida. Tafuta chai, keti, usome hadi mwisho, kwa sababu habari hii ukiisoma nusu utamhukumu mtu asiye na kosa, na hilo ndilo hasa nililofanya mimi. Wengi mmenitumia ujumbe mkiuliza nilisema nini pale mbele Jumapili iliyopita, hasa ninyi mlio Nairobi na mlio Ghuba. Nimeona afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Gari la kanisa mnalijua. Ni Noah ya mwaka 1999, ya petroli, na injini yake iko chini ya viti vya mbele, kiasi kwamba hata baridi ya Julai hapa Plateau dereva hukaa kama mtu anayeota moto. Tulilinunua kwa harambee. Kuna mama aliyetoa pesa ya maziwa ya mwezi mzima. Kuna mzee aliyeuza magunia ya mahindi aliyokuwa ameweka kwa ajili ya karo. Watoto wa Shule ya Jumapili walipojua kwamba Noah ni Nuhu, wakalipa jina Safina. Limebeba kwaya, limebeba wagonjwa, limebeba maharusi, limebeba wafiwa.

Mwishoni mwa 2023, Safina ilianza kuzima njiani.

Haikuwa kila siku, na hapo ndipo taabu ilipo. Gari lililokufa kabisa ni rahisi kutibu, kwa sababu liko pale pale mbele ya fundi na ugonjwa wake. Lakini gari linalokata leo, likawaka baada ya dakika tano, kisha likakaa wiki mbili bila neno, hilo linakufanya uonekane mwongo. Unalipeleka gereji, fundi anapiga stata, injini inaunguruma vizuri, anakutazama kama mtoto anayesingizia tumbo ili asiende shule.

Kwa hiyo tukaanza kubahatisha. Fundi wa kwanza alisema ni plagi. Tukabadilisha plagi na waya zake, shilingi 4,800. Likaenda siku tisa, likazima. Mwingine akasema ni pampu ya mafuta, shilingi 6,500. Likaenda wiki tatu, tukatoa ushuhuda kanisani, likazima. Wa tatu akasema betri imechoka, 11,500. Wa nne akasema ni alternata, tukapata iliyotumika kwa 9,000. Ukiongeza ufundi wa shilingi 5,000 kwa mara zote hizo, ni shilingi 36,800 za sadaka zenu. Mahesabu hayo yako kwa mhazini, yeyote anaweza kuyaona.

Na tuliomba. Tulizunguka gari tukipaka mafuta boneti na milango. Wapendwa, sidharau maombi, na Safina nitaendelea kuiombea. Lakini leo naweza kusema kwamba maombi yale tuliyatumia kama tepu. Tulifunga juu juu kitu ambacho hakuna aliyetaka kukifungua.

Sasa nije kwa ndugu yetu.

Tulikuwa na dereva wa kujitolea, kijana wa kanisa hili. Sitataja jina lake, ingawa amenipa ruhusa ya kusimulia. Nyote mnaomjua mnajua alivyolitunza gari lile. Mimi nililiendesha asubuhi na mchana, nikienda mikutano ya wachungaji au benki mjini Eldoret. Yeye alipewa safari za jioni: kuwarudisha wanakwaya, kuwapeleka watu hospitali usiku, kuwatoa watu mazishini. Gari lilizima mikononi mwake mara nyingi kuliko mikononi mwangu. Mimi nikaona hesabu hiyo, nikafikiri nimeona ushahidi.

Mara ya kwanza kabisa lilipomzimia, alinipigia simu. Nakumbuka maneno yake kwa sababu baadaye yalinirudia kama deni. Aliniambia, "Mchungaji, hii haiko kama ya mafuta. Haikohoi. Mshale wa kasi unaanguka mpaka sifuri gari likiwa bado linakimbia, waipa zinasimama katikati ya kioo, ndipo injini inakata. Lakini taa kubwa zinabaki zinawaka."

Nilimjibu, "Sawa, nitaongea na fundi." Sikuongea na fundi yeyote kuhusu waipa wala mshale. Niliwaambia tu, "Gari linazima." Niliona ni maneno ya kijana.

Kisha ikaja Mei 2024. Mnakumbuka mvua za msimu ule, zilivyofurisha nchi. Alikuwa anatoa akina mama mazishini upande wa Kipkabus, jioni, mvua inanyesha, gari limejaa, watoto wamepakatwa. Safina ikakata ghafla mahali pa mteremko. Wale msioendesha mjue jambo hili: injini ikizima gari likiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito kama umefungwa, na breki zinapoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Nyuma yao kulikuwa na lori. Kijana alipigana na ule usukani mpaka akatoa gari barabarani, na lori likapita karibu hata kioo cha pembeni kikavunjika. Hakuna aliyeumia. Akina mama walifika nyumbani saa nne usiku, wamelowa, wakitetemeka.

Ningepaswa kumshukuru kwa kuokoa watu. Badala yake, mtu alikuwa ameninong'oneza kwamba kijana anauza petroli ya kanisa na kujazia mafuta ya taa. Sikuuliza. Sikuchunguza. Jumapili ile nilichukua maiki nikasema kwamba kuna mkono usio mwaminifu umegusa gari la Bwana, na kwamba damu ya akina mama wale ingedaiwa kwa mtu. Sikutaja jina, na mimi nilijisifu moyoni kwamba sikutaja. Lakini kila shingo iligeuka upande mmoja. Jumatatu aliniletea ufunguo. Hakusema kitu. Hakurudi tena kanisani.

Miezi kumi na mmoja ikapita.

Gari halikupona. Lilikaa vizuri kiangazi chote cha Desemba hadi Februari, nami nikawaambia wazee, "Mnaona? Tangu mkono ule uondoke." Mungu anisamehe kwa sentensi hiyo.

Aprili mwaka huu, mvua ziliporudi, nilikuwa naenda na mama watoto kumwona mgonjwa wetu katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Mvua ilianza tukiwa njiani. Nikawasha waipa. Vioo vikashika mvuke, nikawasha feni. Nikawasha na taa kubwa. Baada ya kilomita chache, nikaona kwa macho yangu: mshale wa kasi ukaanguka hadi sifuri na gari bado linakimbia. Waipa zikasimama katikati ya kioo. Injini ikakata. Na mbele yangu, barabarani, taa kubwa ziling'aa kama kawaida.

Tulipofanikiwa kusimama pembeni, mama watoto akaniuliza, "Mbona hushuki?" Sikuweza kushuka. Nilikuwa namsikia kijana yule kwenye simu.

Kesho yake nikampelekea fundi wa umeme wa magari mjini, mtu wa makamo, asiye na maneno mengi. Nilitarajia aniulize pesa. Aliniuliza, "Pasta, lilipozima, ulikuwa umewasha nini?" Halafu, "Dashibodi ilikufa kabla ya injini au baada?" Halafu, "Saa ya gari ilipoteza majira?" Nikajibu yote. Akaniambia, "Mtu aliyeona mambo haya mapema angekuokolea pesa nyingi." Nikanyamaza.

Nitawaeleza alivyonieleza, kwa sababu wengi wenu mna magari ya umri huu na mnabahatisha kama nilivyobahatisha.

Injini ya petroli inahitaji hewa, mafuta, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo ndani ya silinda. Mafuta yakikosa, mara nyingi gari hukohoa, hupoteza nguvu, huvuta kwa shida, ndipo life. Na wakati huo dashibodi bado iko hai: mshale wa kasi unaendelea kuonyesha mwendo mpaka gari lisimame. Lakini gari likikata ghafla kama limekatwa kwa kisu, na kila kitu kinachotegemea ufunguo kikafa pamoja nalo, basi umeme unaopita kwenye ufunguo umekatika mahali. Saa haikupoteza majira na taa kubwa zilibaki, kwa hiyo betri na nyaya zake kubwa hazikuwa na kosa. Kwa maneno matano au sita ya kijana, nusu ya gari ilikuwa imeondolewa kwenye lawama: pampu haikuwa na hatia, plagi hazikuwa na hatia, betri haikuwa na hatia.

Fundi akachukua mita. Betri, injini ikiwa imezimwa, ilisoma volti 12.6. Injini ikiunguruma, 14.1. "Alternata inachaji vizuri," akasema. Kisha akashika ufunguo wangu ukiwa kwenye swichi, akautikisa taratibu. Mnajua funguo zangu: za kanisa, za ofisi, za stoo, za jikoni, zote kwenye pete moja. Akasema, "Uzito huu unachosha swichi. Punguza." Lakini injini haikukata, kwa hiyo akaendelea.

Akafungua plastiki iliyo chini ya usukani, akamulika tochi. Kwenye ule waya mnene unaoingiza umeme kwenye swichi ya ufunguo kulikuwa na fundo la tepu nyeusi, ukubwa wa kidole gumba. Pembeni yake kulikuwa na waya mwekundu uliokatwa na kukunjwa, hauendi popote.

Hakufungua tepu kwanza. Alipima. Aliweka ncha moja ya mita upande huu wa fundo na nyingine upande wa pili. Akanieleza kwamba kiungo kizuri hakisomi karibu kitu chochote, maana umeme unapita bila kuzuiwa. Kile kilisoma volti 0.9. Akaniambia niwashe waipa na feni. Ikapanda hadi 3.1. Akapiga hesabu kwenye kiganja: volti tatu, ampea kama kumi zikipita, ni wati 30. "Chuma cha kuyeyushia solda kina nguvu kama hiyo," akasema. "Kila mvua ikinyesha, Pasta, mlikuwa mnawasha chuma cha solda chini ya usukani."

Kisha akaligusa lile fundo kwa kidole. Injini ikakata. Waipa zikasimama katikati ya kioo.

Alipoifungua tepu, ndani yake waya ulikuwa umekatwa, ncha zikasokotwa pamoja kwa mkono bila solda, zikageuka kijani na nyeusi, plastiki imeyeyuka. Nyuzi chache tu ndizo zilikuwa bado zimeshikana. Zikipata joto na mtikiso zinaachana, zikipoa zinagusana tena. Ndiyo sababu gari lilikuwa linapona lenyewe. Na ndiyo sababu lilimzimia kijana kuliko mimi: yeye aliendesha jioni na kwenye mvua, waipa na feni zikiwaka, mimi niliendesha juani. Tatizo halikumfuata dereva. Lilifuata mvua, na mimi ndiye niliyempangia yeye safari za mvua.

Fundi akaniuliza, "Huu waya mwekundu ulikuwa wa nini? Nani aligusa hapa?"

Wapendwa, nilitaka kusema sijui. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini niliutambua waya ule.

Agosti 2022 tulikuwa na mkutano wa injili wa nje. Jumamosi usiku tukagundua hakuna umeme wa kuendeshea spika za kutangazia barabarani. Nilimwita kijana mmoja wa redio, nikamwambia achukue umeme popote ndani ya gari ili amplifaya iwake asubuhi. Aliniambia, "Hii ifanywe polepole, tutafute waya mzuri na fyuzi." Nikamwambia hakuna wakati, kazi ya Bwana inangoja. Nilimshikia tochi mimi mwenyewe akikata waya ule. Baadaye tulipopata jenereta, tukaikata ile amplifaya, tukakunja waya, tukarudisha plastiki. Nikasahau. Au nisiseme nilisahau. Sikutaka kukumbuka.

Fundi alikata sehemu iliyoungua, akaweka waya mpya wa unene ule ule, akaunganisha kwa solda, akafunika kwa mpira unaobana kwa joto, akaondoa kabisa ule mwekundu. Shilingi 450 za vifaa na 1,500 za ufundi. Shilingi 1,950. Akapima tena, waipa na feni zikiwaka: mita ilisoma 0.04.

Nilirudi Plateau na gari zima. Na njiani shetani alinipa mpango mzuri sana. Usitangaze. Gari limepona, Mungu ametukuka. Mpigie kijana simu, mwambie umemkumbuka, arudi aendeshe. Yote yataisha kimya kimya, bila kuwachanganya waumini wachanga.

Kilichonizuia ni zile funguo nzito. Nilikumbuka habari niliyowahi kuisoma, ya kampuni ya General Motors ya Marekani. Mwaka 2014 waliita magari yao madogo karibu milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa swichi ya ufunguo. Swichi ile ilikuwa legevu. Pete nzito ya funguo au barabara mbaya ingeweza kuitoa mahali pake, injini ikazima mwendoni, na mifuko ya hewa inayomlinda dereva isifunguke ajali ikitokea. Mfuko wa fidia ulikuja kukubali madai ya vifo 124. Lakini jambo lililonichoma ni hili: swichi ile ilikuwa imerekebishwa mwaka 2006. Iliimarishwa kimya kimya, na namba ya kifaa ikaachwa ile ile ya zamani. Kwa hiyo waliochunguza ajali kwa miaka iliyofuata hawakuelewa kwa nini magari ya miaka fulani yanazima na mengine hayazimi, ilhali kwa karatasi kifaa ni kimoja. Ilibidi mhandisi mmoja afungue ya zamani na mpya, aziweke pamoja, ndipo ukweli uonekane. Wakati huo wote magari yenye swichi mbovu yaliendelea kubeba watu.

Marekebisho ya kimya yalitengeneza magari mapya. Yaliyokuwa tayari barabarani yaliachwa hivyo hivyo.

Nikaona ndicho ninachotaka kufanya. Kubadilisha kifaa na kuacha namba ile ile. Safina ingepona, lakini jina la kijana lingebaki limeungua mioyoni mwenu, nanyi mngeendelea kulibeba bila kujua.

Nilienda kwao jioni hiyo, peke yangu, kwa miguu. Nilimkuta anaosha pikipiki, sasa anafanya boda boda. Mama yake akanikaribisha, akanipa mursik kama mgeni yeyote, na hilo pekee lilinitosha kuwa adhabu. Nikawaeleza yote, fundo la tepu, waya mwekundu, tochi niliyoshika.

Kijana akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mchungaji, mimi nilikuambia."

Nikasema, "Uliniambia."

"Kuhusu waipa. Na taa kubwa."

"Uliniambia yote. Sikusikiza."

Akakaa kimya. Mama yake ndiye aliyeuliza, kwa upole, bila kuinua sauti: "Mchungaji, ulisema kwa maiki. Utarudisha kwa maiki, au utarudisha hapa kwangu tu?"

Ndiyo maana Jumapili iliyopita nilisimama pale mbele kabla ya sifa, kabla ya sadaka, nikasema niliyoyaandika hapa. Nilileta kipande cha waya kilichoungua, nikakipitisha kwa viti vyote mkishike wenyewe. Nilisema kijana hakuiba petroli, hakuharibu gari, na siku ile ya Mei aliwaokoa mama zenu. Nilisema aliyeharibu ni mimi, kwa haraka yangu na kwa kutosikiza. Pesa 36,800 nitazirudisha kidogo kidogo. Wazee walitaka kukataa, lakini nimeshaanza.

Wiki hii nimekuwa nikisoma Yona sura ya kwanza. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi nikiwa upande wa nabii. Safari hii niliwatazama mabaharia. Dhoruba ilipokuja waliomba, kila mtu kwa mungu wake, na wakatupa baharini mizigo ya watu, mali iliyokuwa na wenyewe. Wakati huo chanzo cha dhoruba kilikuwa chini, ndani ya jahazi, kimelala usingizi. Na alikuwa mtumishi wa Mungu. Safina yetu pia ilikuwa na mtumishi aliyelala chini, mizigo ikitupwa juu: plagi, pampu, betri, alternata, na mwisho kijana wa watu.

Sasa ninyi wenye magari yaliyozeeka, chukueni haya kutoka kwa mtu aliyelipa karo:

Gari likizima kwa vipindi, weka daftari ndani yake. Andika saa, mvua au jua, ulikuwa umewasha nini, nini kilikufa kwanza, na liliwaka baada ya dakika ngapi. Andika mambo hayo kabla ya kuandika nani alikuwa anaendesha.

Usinunue kifaa kabla ya kupima. Mwombe fundi apime volti kwenye viungo wakati mzigo umewashwa, maana kiungo kibovu hudanganya kikiwa hakina kazi.

Uliza kila mara: waya uliguswa lini mara ya mwisho, na nani? Redio, kengele ya wizi, spika, taa za urembo. Anza hapo. Kama ni wewe uliyeagiza, sema mapema.

Punguza funguo kwenye pete.

Na mtu anayekaa karibu na tatizo akikueleza alichoona, hata kama ni kijana, hata kama ni mtoto wako au mfanyakazi wako wa shamba, msikize hadi mwisho. Mpelekee fundi maneno yake kama alivyoyasema.

Najua baadhi yenu nyumbani kuna kitu kinachozima na kuwaka. Ndoa inayokaa vizuri kiangazi na kukata mvua ikianza. Mtoto aliye sawa wiki mbili, ya tatu hasemi na mtu. Tunabadilisha vifaa, tunalaumu dereva. Kabla ya kutaja jina la mtu mwingine kwa maiki, fungua plastiki iliyo karibu na mikono yako mwenyewe.

Mmeniuliza kama kijana amerudi. Jumapili alikuja. Aliketi kiti cha nyuma karibu na mlango, na mama yake. Baada ya ibada nilimpa ufunguo wa Safina, ukiwa peke yake, bila pete. Aliuangalia, akanirudishia. Akasema, "Wacha nifikirie, Mchungaji." Nikamwambia afikirie kwa muda anaotaka.

Ufunguo uko mezani kwangu. Jana mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nililiendesha gari hadi mjini, waipa, feni na taa zikiwaka. Halikuzima.

Mwombeeni yeye kwanza. Kisha mniombee mimi.

Mbarikiwe, wapendwa.
Mchungaji wenu, Plateau.